Volontia kalipa milioni nne kuja kufundisha shuleni kwetu, shule imepata boksi mbili za chaki!

Wakuu, habari za jioni. Naandikia simu, makosa mtanivumilia. Jambo hili nimelimeza tangu mwezi wa sita, leo limenifika shingoni.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea shule ya msingi ya serikali, huku tambarare, chini ya barabara ya Moshi–Arusha. Jina la shule sitaji, la kampuni sitaji, msinifuate PM. Nilimaliza stashahada 2019. Kila ajira zikitangazwa naomba, kila majina yakitoka nasoma orodha mpaka mwisho, sijioni. Basi nafundisha Hisabati darasa la nne, watoto 87, na wazazi kwa hiari yao wananichangia elfu sitini kwa mwezi, tena mwezi ukiwa mzuri. Wakivuna naletewa debe la mahindi. Kujitolea nakujua, sikusimuliwa.

Sasa hawa wenzangu wa ng'ambo. Wanaletwa na kampuni moja ya mjini, sita sita, wiki mbili, wiki tatu. Mkalimani wao ni mimi, bure, kisa "mwalimu Kiingereza chako kizuri". Mwezi wa sita alikuja binti wa Kijerumani, miaka 19, mpole, ana moyo kweli. Siku moja tuko chini ya mwembe tunasahihisha madaftari, akanionyesha risiti kwenye simu yake: euro 1,450 kwa wiki tatu. Nikapiga hesabu palepale, karibu milioni nne. Hapo tiketi ya ndege hajaigusa. Na yeye anaamini hela ile ndiyo inayoendesha shule, maana aliniuliza kwa nini vyoo vyetu bado viko vile. Nilikosa cha kumjibu, nikajifanya nasahihisha.

Shule ilipata boksi mbili za chaki na mpira mmoja. Mama aliyemlaza na kumlisha, na maji ya moto ya kuoga asubuhi na jioni, alipatana nao elfu kumi na tano kwa siku, na ya wiki ya mwisho anaidai mpaka leo. Iliyobaki sijui nani kala, ila gari la bosi ni jipya. Halafu pale uwanja wa ndege wa KIA wanaelekezwa waseme wamekuja kutembea, wachukue viza ya utalii ya dola 50, wakati mtu wa kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C. Siku Uhamiaji wakifika kijijini, anayebebwa ni mtoto wa watu, dalali yuko zake mjini.

Najua kuna wa kusema "si wanasaidia watoto lakini?" Haya, ngoja.

Kila kundi linaanza moja. Hakuna anayemkabidhi mwenzake. Na mgeni akisimamishwa mbele ya watoto asioelewana nao lugha, anaanza na kilekile: viungo vya mwili kwa Kiingereza. Kichwa, bega, goti, kidole. Mwaka huu darasa langu limefundishwa viungo vya mwili mara tano! Na vipindi vinavyotolewa ni vyangu, kwa sababu ndani ya ofisi ile mimi ndiye nisiye na cheki namba, ile ya mwajiriwa wa serikali. Azimio la kazi linasema tuko kwenye kugawanya, sisi tuko kwenye goti. Dogo mmoja wa dawati la nyuma alinivuta shati: "Mwalimu, goti tumeshalijua. Ile ya kugawanya tutamaliza lini?" Upimaji wa darasa la nne huo unakuja, na hauna swali la kushika mabega.

Nikanunua kaunta buku kwa hela yangu, nikalipiga mistari: tarehe, umefundisha nini, umeishia wapi, nani hajaelewa. Kila volontia ajaze kabla hajaondoka. Ukurasa wa kwanza umejazwa vizuri, ni yule binti. Wa pili kuna jua limechorwa, na kopa.

Sasa kabla hamjaniambia ni wivu. Wanapata tabu, nimeona kwa macho. Binti yule wiki ya pili tumbo lilimkamata, siku nne yeye na choo cha shimo, usiku na tochi mdomoni. Umeme hakuna, simu imezima, mama yake hampati. Alilia sana. Lakini siku ya kuondoka watoto walikuwa wanamsuka, gari likafika wamemaliza upande mmoja tu, akakataa wasifumue. Akapanda hivyohivyo, upande mmoja twende kilioni, mwingine nywele wazi.

Na kuna mzee wa Kidenmark, fundi bomba mstaafu, aliyekuja kupitia kwa mchungaji, akakaa miezi tisa na kibali chake halali. Miezi miwili ya kwanza hakugusa spana, anajifunza Kiswahili gulioni. Ndipo tukafunga mifereji ya bati na tangi la lita 5,000 lililokuwa limekaa bure. Kila alichofunga alikifungua tena, anamwita mlinzi: "Haya, funga wewe." Masika mbili zimepita, koki ilivuja mara moja, mlinzi akabadilisha kile kipira cha ndani, washa, mwenyewe. Mzee aliniambia kwao alifiwa na mke, akawa mtu wa kukaa dirishani, huku alfajiri watu wanamgongea, "Babu, maji hayatoki!" Kina mama walimuaga kwa jogoo. Aliniachia mimi, na jina lake tumempa jogoo.

Hata wale Peace Corps, volontia wa serikali ya Marekani, walioanza kuja Tanganyika 1961 walikuja kukaa miaka miwili, na Kiswahili walifundishwa. Wiki tatu mtu anazimaliza hajajua majina ya watoto.

Kwenye kikao cha kamati ya shule nilisema mawili: kampuni ilete karatasi ya mapato, na asiyekaa muhula mzima asiguse kipindi cha Hisabati, acheze nao mpira, apake rangi. Mwenyekiti akanijibu mbele za watu: "Mwalimu, usitufukuzie wageni. Wewe mwenyewe umeajiriwa na nani?"

Jumatatu wanaingia sita wengine. Mwalimu mkuu kanipigia saa kumi na mbili hii, anataka kesho niwafundishe watoto wimbo wa kuwapokea. Nimezima simu, hapa natumia ya mdogo wangu.