Mnaopachika manjonjo kwenye Make bila kuangalia toleo, mnatuumiza

Wakuu, moderator naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "nianze na lugha gani", hauhusiani kabisa. Niko Mwanza, ofisi yetu iko Kirumba, tunatengeneza programu za mizani za kidijitali. Leo nina hasira mpaka chai imenishinda.

Kuna watu wakikuta Makefile (faili la maelekezo ya Make, ile zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo) inafanya kazi vizuri, hawalali. Lazima waiongezee kitu. Sina ugomvi na Make kuongezewa vitu. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, ingebaki vilevile tungekuwa tumeshaizika. Kwenye Make ya GNU, toleo la 4.0 mwaka 2013 lilileta `load`, unaandika plagini kwa C na Make inapata fanksheni mpya. 4.3 mwaka 2020 likaleta tageti za kundi, yaani faili kadhaa zinazotolewa na kanuni moja kwa mkupuo, ile alama ya `&:`. 4.4 mwaka 2022 likaja na fanksheni za `$(let)` na `$(intcmp)`. Safi kabisa. Lakini mashine za watu hazina toleo moja! Ubuntu 20.04 ina 4.2.1. Mac ya bosi ina 3.81 ya mwaka 2006, maana Apple hawataki leseni huria ya GPL toleo la 3 iliyo kwenye matoleo ya baadaye. Na Make ya zamani ikikutana na kitu isichokijua, mara nyingi haigomi. Inapita kimya kimya kama haijaona.

Sasa sikieni. Tuna skripti moja inayosoma jedwali la aina za samaki na kutoa faili mbili kwa mkupuo, `orodha.c` yenye majina na `orodha.h` yenye namba zake. Siku zote kanuni yake iliandikwa kwa alama ya `%`, na kanuni za namna hiyo zenye tageti mbili Make inaziendesha mara moja tu, toka enzi na enzi. Akaja mhandisi wetu mkuu, akasema huo ni ushamba, akaweka:

`orodha.c orodha.h &: jedwali.csv`

Kwenye laptopu yake mpya inapiga kazi. Kwenye seva yetu yenye 4.2.1, hiyo `&` inasomwa kama jina la tageti ya tatu, basi, hakuna onyo. Faili mbili zinageuka kazi mbili tofauti. Ukiendesha bila `-j` (ile ya kufanya kazi kadhaa kwa pamoja) unaweza usigundue chochote, kwa sababu ya kwanza ikimaliza, ya pili inakuta faili lake lipo tayari na ni jipya. Ukiweka `-j4`, skripti inakimbia mara mbili kwa wakati mmoja, zote zinaandika kwenye faili lilelile la muda, mistari inaingiliana, namba zinasogea. Na inakompaili bila kosa! Kwa kompaila namba ni namba tu.

Matokeo yake yakaenda kuonekana soko la samaki la Mwaloni. Mama mmoja kapima kayabo (sangara wa chumvi), risiti imetoka imeandikwa dagaa, kwa bei ya dagaa, na mteja wake ameshika risiti mkononi anataka alipe kilichoandikwa. Aliyepigiwa simu ni mimi. "Mwanangu, hii mizani yenu ina nini?" Nimjibu nini? Nimweleze habari za `&:`?

Mngedhani yameishia hapo. Jamaa akaandika na plagini ya C, ati fanksheni ya kutengeneza namba ya toleo la programu. Kitu ambacho mstari mmoja wa `$(shell ...)` unakimaliza. Faili la `.so`, yaani plagini yenyewe, akalikompaili kwenye laptopu yake ya Intel, akalitupia kwenye Git, hifadhi yetu ya msimbo. Mashine ya majaribio inayokaa karibu na mizani ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, siyo Intel, kwa hiyo faili hilo haliwezi kufunguka kamwe. Make ikakataa kwa sauti, na hapo nikaishukuru. Mnajua alirekebishaje? Akaongeza kistari: `-load`. Yaani plagini ikishindwa kufunguka, Make isiseme kitu. Fanksheni ikikosekana, inapoitwa haitoi neno lolote. Kwa hiyo kuna mizani sokoni zina programu isiyo na namba ya toleo na sijui zipi zina lile jedwali bovu. Huyu mtu analipwa kunizidi, jamani.

Na dawa ipo humohumo kwenye Make. Kuna kigeu kinaitwa `.FEATURES`, kinataja toleo hilo linaweza nini. Unaweka juu kabisa ya Makefile:

```
ifeq ($(filter grouped-target,$(.FEATURES)),)
$(error Make yako ni ya zamani, tunahitaji 4.3 kwenda mbele)
endif
```

Mistari mitatu. Nimemtumia, akanijibu "inachafua faili". Aisee.

Kwa wale mnaofanya kazi kwenye timu zenye mashine mchanganyiko: mnalazimisha wote wawe toleo moja, au mnakataza vitu vipya mpaka seva ipandishwe? Nataka majibu ya watu walioishi nayo, siyo "hamia CMake". Kesho nafuta hiyo `-load` na kurudisha kanuni ya `%`. Akizirudisha zake, simu za Mwaloni zitaingia kwenye namba yake, nimeshawapa.