Manispaa ya Moshi ipanuke mpaka kwenye majaruba ya mpunga au tujaze kwanza ndani? Tujadili

Mkazi wa Pasua:
Wakuu habari za jioni. Kila ikija habari ya Moshi kuwa jiji wimbo ni uleule, eneo halitoshi, manispaa ina kilomita za mraba 58 tu na kidogo, tuongezewe vijiji vya wilaya jirani ya Moshi Vijijini. Sawa, ni padogo, sibishi. Sensa ya 2012 tulikuwa 184,292, ya 2022 tukawa 221,733, na hao ni waliolala ndani ya mpaka tu, maana kuna mtu namjua ana fremu ya duka Mbuyuni hapa mjini ila analala Mabogini, nje ya mpaka, kwahiyo kahesabiwa huko wilayani.

Sasa tunapanuka kwenda wapi? Ukipanda juu ni vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachaga, Uru, Kibosho, Old Moshi, migomba na kahawa. Ukishuka chini ni skimu ya umwagiliaji wa mpunga ya Lower Moshi, ile Wajapani walisaidia kujenga ikaisha 1987, hekta kama 1,100 zinakunywa maji ya Rau na Njoro, ukizidi kushuka ni miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Yaani kila upande unaonyoosha mkono unagusa chakula cha mtu. Mimi nasema tujaze ndani kwanza. Pita Shanty Town (jina na hali yake hata havisalimiani) uone nyumba moja ya chini, bustani, fensi, mbwa wawili, pale zingekaa familia nane bila kugusana.

Mangi wa Uru:
Mkuu ghorofa unaijua gharama yake au unaiona tu kwa wenzio? Sisi tunajenga kwa kudunduliza, mwaka huu tripu mbili za mawe, mwakani tofali, bati tukijaliwa. Ghorofa inataka nondo, zege, injinia na kibali, vyote kwa pamoja. Halafu kihamba anabaki nacho kitinda mimba, sisi wengine watatu twende wapi? Ndo tunashuka chini kununua kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini. Msitulaumu bana.

Mama wa Chekereni:
Wanangu, mimi ndo nalima huko mnakoita chini. Jirani aliuza jaruba, aliyenunua akamwaga kifusi akainua msingi, mfereji ukaziba, sisi wa mbele maji hatuyaoni. Mvua zilipokuja maji yakamrudia yeye sebuleni, akawa wa kwanza kulia mafuriko. Nikamwambia baba hayo si mafuriko, hayo ni maji ya mpunga yanatafuta njia yake.

Ramani Mezani:
Pole mama. Ila Mkazi wa Pasua hapo umekosea kitu kimoja, unafikiri mpaka ukiongezwa ndo mashamba yanakufa, wakati yanakufa sasa hivi yakiwa nje ya mpaka. Kijijini shamba linakatwa kwa hatua za miguu, mashahidi wawili, karatasi ya mauziano, kwisha, dalali ndo afisa mipango miji. Likiingia manispaa mnachora mpango kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na mnaandika skimu hii ni kilimo, hakuna kibali cha nyumba hapa. Mkichelewa mtakuja na urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati wakati watu wameshajenga, vichochoro gari la zimamoto halipiti, hata toroli linapita kwa adabu.

Mkazi wa Pasua:
Ramani hapo nakubali nusu. Kwenye mchoro kila kitu ni kijani, shida ni kesho yake, maeneo ya wazi mangapi tumeyaona yanaota fremu na hakuna anayejua kibali kilitoka wapi? Mimi naomba mpangilio uwe hivi, skimu ipimwe, iwekwe bikoni za mpaka, itangazwe ni kilimo, HALAFU ndo tuongee mpaka. Mkianza na mpaka, bei ya ardhi inapanda siku hiyohiyo na jaruba linaonekana kiwanja.

Na Mangi, hata ghorofa inadundulizwa. Weka msingi wa kubeba, jenga chini uhamie, nondo ziache zimechungulia juu, mdogo wako akipata anaendelea. Kuna sheria ya tangu 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, kila mtu na hati yake.

Mangi wa Uru:
Nikae chini, shemeji juu, tanki la maji moja, luku moja? Wewe kaka inaonekana huna ndugu.

Ramani Mezani:
😂😂 Luku kila mtu na yake, mangi. Tanki ndo vita.

Mama wa Chekereni:
Haya endeleeni, mimi nalala. Zamu yangu ya maji inaanza alfajiri na kile kifusi bado kiko mferejini.