Ofisi za udahili Marekani, alama za muhula ambao haujaisha mnazitaka za nini?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetafuta lugha laini apite tu.

Niko Texas, mwaka wa pili kwenye chuo cha jamii, vile vya miaka miwili ambavyo wengi wetu tunaanzia kwa sababu ada yake ndiyo mzazi aliyeko nyumbani anaiweza. Mpango ni ule ule wa kila mtu: soma hapa, kusanya krediti, hamia chuo kikuu umalizie digrii. Maombi ya kuhamia muhula wa Agosti nimeyapeleka kabla ya siku ya mwisho. Ada ya maombi nimelipa, insha nimeandika, barua za walimu zimefika, transkripti rasmi imetumwa na msajili moja kwa moja. Akaunti yangu ya maombi ilikuwa na tiki za kijani kuanzia juu mpaka chini.

Ijumaa jioni, chuo kimeshafungwa kwa likizo ya wiki moja ya Machi, ndipo udahili wa chuo hicho (sikitaji, bado nakihitaji) wananitumia barua pepe. Wanataka alama zangu za sasa hivi za kila somo la muhula huu, juu ya fomu yao, na kila mwalimu aweke sahihi. Siku tatu za kazi. Usipotuma wataamua kwa walicho nacho. Anwani iliyotuma haipokei majibu.

Siku tatu za kazi wakati walimu wako likizo! Hivi aliyeandika hii barua alishawahi kusoma chuo?

Wasiojua vyuo vya jamii niwaeleze. Walimu wengi hapa ni wa muda, wanalipwa kwa darasa. Wangu wa Fizikia anafundisha kampasi mbili, ofisi hana, ukimtaka unamvizia baada ya kipindi kabla hajawasha gari. Huyo ndiye nimkimbize na karatasi ya sahihi wiki ambayo hata mlinzi wa geti hayupo. Na vyuo vingi vya jamii havitoi alama rasmi za katikati ya muhula. Msajili ukimfuata anakwambia mfumo wake unajua alama za mwisho tu, mambo ya katikati malizana na mwalimu.

Ila usumbufu wa sahihi ningeumeza. Kinachoniudhi hasa ni kwamba hiyo namba wanayoitaka bado haipo.

Chukua somo langu la Kemia. Kuna mitihani mitatu na mtihani wa mwisho. Kwa mujibu wa mwongozo wa somo, ule utakaofanya vibaya kuliko yote kati ya mitatu unafutwa mwishoni. Mpaka sasa tumefanya mmoja, wa kwanza, ule ambao darasa zima lililia. Ripoti za maabara tumekusanya lakini mwalimu hajasahihisha. Kwa hiyo "alama yangu ya sasa" ya Kemia ni mtihani mmoja ambao kuna uwezekano mkubwa Mei haitahesabika kabisa. Kwenye fomu itaandikwa C. Mwenzangu wa kundi lingine, mwalimu wake anasahihisha maabara kila wiki, mtihani amepata chini yangu, na fomu yake itasoma B. Hapo kamati imenipima mimi au imepima kasi ya mwalimu kusahihisha?

Halafu kuna Canvas, mfumo wa mtandaoni ambao walimu wanawekea kazi na alama. Anayeitumia anajua: kazi ambayo haijasahihishwa kwa kawaida haiingii kwenye jumla, lakini mwalimu akijaza sifuri za muda kwa kazi ambazo hazijafika, jumla inaporomoka hata kama hujakosea kitu. Mwanafunzi yule yule, wiki ile ile, anaweza kuonekana ana 90 au ana 50 kutegemea mwalimu kajaza vipi. Mtu wa udahili aliyekaa majimbo matatu mbali nasi atajuaje?

Nimepiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu, lakini kila swali jibu lake lilikuwa kwamba hilo ni la kamati. Nikauliza kama waombaji wote wameombwa. La kamati. Nikauliza kama kuombwa maana yake niko mpakani, nusu ndani nusu nje. La kamati. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna walioombwa na wasioombwa, na sasa kila mtu amegeuka mganga wa kupiga ramli: eti ukiombwa ni dalili njema, eti hapana, wanatafuta sababu ya kukukataa. Watu hawalali.

Sisi wa F-1, yaani visa ya mwanafunzi wa kigeni, ndiyo kabisa. Kuna aliyenishauri nidondoshe Kemia, yaani nijiondoe kwenye somo, haraka ili C isionekane. Ndugu yangu, mwenye F-1 anatakiwa awe na krediti 12 kila muhula. Nikidondosha bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hadhi yangu imekula kwangu. Na bila barua ya kukubaliwa, rekodi yangu ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) haihamishwi, I-20 mpya (hati ambayo chuo humpa mwenye F-1) haitoki, na baba hawezi kuanza kuhangaika na benki kwa zile taarifa za fedha wanazodai. Wao wanaahirisha uamuzi kwa fomu moja, huku foleni nzima nyuma yangu inasimama.

Najua kuna atakayekuja kuandika kwamba ni haki yao kujua kama bado nasoma. Sawa, na mimi sikatai. Lakini mbona wengine wanaweza kwa ustaarabu? Mfumo wa University of California unapokea maombi mwishoni mwa mwaka, halafu Januari kila anayehamia anajaza taarifa mpya: alama za muhula uliokwisha Desemba na masomo anayosoma sasa. Wote wanajaza, tarehe inajulikana, hakuna kukimbizana na sahihi. Ukikubaliwa, unakubaliwa kwa masharti, na transkripti ya mwisho inafika Julai. Ukiharibu, wanakufuta. Hata Common App, ule mfumo mmoja wa kuombea vyuo vingi, ina fomu yake ya alama za katikati ya muhula kwa wanaohama, na chuo kinachoitaka kinaweza kuitaja tangu mwanzo. Hiki changu hakikuitaja popote kwenye orodha yao. Ingekuwemo, Februari ningeshaongea na walimu.

Fomu nimeituma jana ikiwa na sahihi za walimu wawili waliojibu wakiwa likizo, Mungu awabariki, pamoja na mwongozo wa somo la Kemia ambao sehemu ya kufuta mtihani nimeipigia mstari mwekundu. Masomo yaliyobaki nimeandika sababu.

Sasa waliohama wakiwa na F-1 waje waseme: mwalimu asiposaini, chuo kilikubali picha ya Canvas? Na kuna aliyewahi kumpata mtu wa kamati mwenyewe, si dada wa simu? Wa "kaza buti mkuu, omba Mungu" naomba leo mtusamehe.