Kipima uongo kwenye ajira za ulinzi Marekani, kinaaminika kweli?

mtoto_wa_pangani
Wakuu habari za mihangaiko. Mdogo wangu yuko Texas, uraia kashapata, sasa kaomba kazi CBP, wale maofisa wa mipakani, kaambiwa lazima akakae kwenye mashine ya kupima uongo. Shida dogo ni muoga balaa, tangu utotoni ukimuuliza nani kadokoa nyama jikoni anatetemeka hata kama alikuwa shule. Hiyo kitu inaaminika au geresha?

Fundi Sime
Hakwepi mkuu, ni sheria ya 2010. Ila ile mashine haipimi uongo, inapima pumzi, presha, mapigo ya moyo na jasho la vidoleni, basi. Muongo anayeogopa na mkweli anayeogopa mistari yao inafanana. 2017 ziliandikwa habari kwamba waombaji karibu wawili kati ya watatu wanaangukia hapo hapo.

bi_mkora
Mnaiponda bure. Watu wanatapika wenyewe! Mpimaji anakwambia tu "hili swali mbona halijakaa sawa", mtu anaanza kumwaga bangi alizovuta akiwa chuo.

Mzee Kigogo
Wanaotapika ni wa bangi, bi mkora, majasusi hawatapiki. Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri 1985, akapimwa 1986 na tena 1991, kote kapita, kuja kukamatwa 1994! Na aliwauliza mabosi wake wa KGB afanyeje, wakamwambia lala vizuri, tulia, zoeana na anayekupima. Ana Montes naye alikuwa DIA, ujasusi wa jeshi la Marekani, huku anawatumikia Cuba, akapita vilevile, kakamatwa 2001. Halafu wanasayansi wao wenyewe wa Marekani walipiga hesabu, chukua watu 10,000 wenye majasusi 10 ndani, ukiikaza mashine inase 8, utawanasa pamoja na wasio na kosa karibu 1,600, sasa hapo umechuja nini?

mtoto_wa_pangani
Duh. Sasa nimwambie nini dogo, kuna jamaa wanauza mbinu mtandaoni, mara ubane pumzi mara ujing'ate ulimi

Fundi Sime
Asithubutu, hizo ndo wanazitafuta, wakimshtukia imekula kwake. Arudie kusoma fomu aliyojaza, akajibu vilevile, na kama kuna bangi ya zamani aitaje kabla hawajamfunga nyaya.