Kompyuta ya madrasa ishazeeka, nataka kuitia Linux badala ya Windows, nianzie wapi?

MaalimKisauni:
Assalaam alaykum jamaani, na wengine wote hamjambo. Nafundisha madrasa huku Kisauni na kazi ya kuchapa mitihani imeniangukia mimi. Tuna HP Compaq 8000 Elite, ile ya kulala chini ya skrini, Core 2 Duo, RAM 2GB, Windows 7, tulipewa na ofisi moja walipobadilisha zao. Sasa imekuwa balaa, waiwasha waenda watawadha warudi bado yazunguka tu, Chrome haikubali apdeti yasema Windows hii ishapitwa, na virusi vya flashi za wanafunzi ndio usiseme, folda zote zageuka shotikati. Kijana mmoja hapa mtaani aniambia niitie Linux, ati ni ya bure na haishiki virusi. Kazi yangu si nyingi, kuchapa mitihani kwa Kiswahili na Kiarabu (Kiarabu chenye irabu zote, watoto wa darasa la chini hawasomi bila irabu), kuprinti, na intaneti kidogo. Printa ni Canon LBP 2900. Pesa ya kununua mashine nyengine hakuna, kamati yasema mpaka baada ya Ramadhani. Je yafaa? Na nikikwama katikati si ndio nitabaki na sanduku? Nielezeni polepole, mimi si mtu wa kompyuta.

fundi_tudor:
Waalaykum salaam maalim. Yafaa sana, na hizo HP za maofisini ni ngumu kufa. Ila usifute kitu kwanza. Linux yaweza kuwaka kutoka kwa flashi bila kugusa disiki yako, ukaichezea ukaona mwenyewe. Tafuta flashi ya 8GB isiyo na kitu cha maana manake itafutwa yote, daunilodi Linux Mint, ni aina moja ya Linux, uchukue ile ya Xfce iliyo nyepesi, faili lake lakaribia 3GB kwa hivyo usile bando ya simu bure, nenda mahali pana wifi. Kisha uichome kwenye flashi kwa Rufus, ni programu ya bure ya kazi hiyo. Hapa watu wengi hukwama: Rufus mpya hazifanyi kazi kwa Windows 7, chukua toleo 3.22, na mahali pa kuchagua mpangilio wa flashi (partition scheme) weka MBR kwa sababu mashine yako ni ya BIOS ya zamani, yaani ile programu ya ndani ya ubao inayoiwasha. Zima, washa huku wagonga F9, chagua flashi. Itakujia Mint nzima. Usiihukumu kwa spidi wakati huo, yasoma kutoka kwa flashi lazima iwe nzito.

mzee_wa_cyber:
Mnampoteza maalim wa watu. Amtafute kijana amtie Windows 10 ya kukraki, dakika arubaini kazi imekwisha, anaendelea na Word yake aliyoizoea. Linux ni ya wanafunzi wa chuo wanaopenda skrini nyeusi ya kuchapa komandi.

fundi_tudor:
Mzee wangu, Windows 10 yenyewe Microsoft washaiacha tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa kama ni Intel basi kizazi cha 8 kwenda mbele, Core 2 Duo haiko hata karibu. Na Windows 10 kwa RAM 2GB wewe umekaa nayo kweli? Na hizo za kukraki, nyengine zaja na virusi vyake tayari. Skrini nyeusi haguswi nayo, Mint ina menyu kama Windows tu.

mzee_wa_cyber:
Haya, kwa Windows 10 umenishinda, sina maneno. Lakini mbona hakuna aliyemwambia habari ya printa? Hiyo 2900 ndio itakayomtoa jasho. Printa nyingi za HP wachomeka tu Linux yaijua, lakini LBP 2900 yazungumza lugha yake ya CAPT, bila draiva yake, ile programu ya kuiendesha, yakaa pale kama jiwe. Draiva ya Linux ya Canon wenyewe ni ya zamani na kuiweka ni kesi. Kuna nyengine ya huria inaitwa captdriver, imeandikwa na watu wa kujitolea na 2900 imo, lakini huijenga mwenyewe kwa komandi. Maalim amesema si mtu wa kompyuta.

BintiKibokoni:
Mzee kwa hilo ana haki. Maalim, fanya hivi: wakati wa kuinstoli usichague kufuta disiki nzima, chagua ile ya kuiweka Mint kando ya Windows. Ukiwasha utaulizwa waingia wapi. Kazi zote fanya Mint, mtihani ukiwa tayari uhifadhi kama PDF, kisha rudi Windows 7 uprinti tu. Hiyo Windows uichomoe intaneti kabisa, isiwe na kazi nyengine. Wala usianze kuinstoli kabla hujakopi mitihani yako yote mahali pengine, umeme ukikatika katikati ya kugawa disiki hutajua pa kushika.

Ya Kiarabu nakwambia kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwenye Mint ongeza kibodi ya Kiarabu kwa setingi za kibodi, uchague Alt na Shift ziwe za kubadilisha. LibreOffice waikuta imo tayari, lakini ingia kwenye setingi za lugha uwashe ile ya maandishi changamano (Complex Text Layout), yaani kama ya Kiarabu, ndipo kitufe cha kuandika kutoka kulia kitakapotokea juu. Fonti, instoli Amiri, ni ya bure na irabu zake zakaa sawa, shada na fat'ha hazipandani. Mitihani yako ya zamani kama uliichapa kwa Traditional Arabic itahama mistari ukiifungua, manake fonti hiyo Linux haina. Hizo uzipange upya mara moja tu.

Na si kweli kwamba Linux haishiki virusi. Hivyo vya shotikati ni vya Windows, kwa Mint havitembei, ukichomeka flashi waviona vimekaa kama faili na folda za kweli zilizofichwa waziona pia, wafuta takataka wamrudishia mtoto flashi yake safi.

MaalimKisauni:
Allah awalipe. Nimeichoma flashi na imewaka, hata sauti yatoka. Kiarabu nimejaribu, mashallah irabu zimekaa. Wifi sina nimechomeka simu kwa waya ikashika yenyewe. Lakini kila tovuti nikifungua yaniambia si salama, hata Google. Huyu kijana wa mtaani asema Linux imeharibika nidaunilodi upya, 3GB nyengine natoa wapi?

mzee_wa_cyber:
Angalia saa pembeni chini, yasema mwaka gani?

MaalimKisauni:
2009! Na Windows pia kila umeme ukipotea hurudi nyuma, mimi nilizoea kuirekebisha kwa mkono.

mzee_wa_cyber:
Basi usidaunilodi kitu. Betri ya ubao imekufa, ile ya duara CR2032, ni rahisi na hata maduka ya saa wanayo. Tarehe ikiwa ya uongo vyeti vya tovuti, vile vya kuthibitisha ni salama, vyaonekana havijaanza kazi, ndio brausa yakataa. Chomoa waya wa umeme kabisa, fungua kifuniko, waiona hapo kwa ubao, uirudishe upande ule ule wenye maandishi juu. Kisha washa huku wagonga F10 uingie setingi za BIOS uweke tarehe.

fundi_tudor:
Mzee sasa umekuwa mtu wa Linux 😂

Maalim ukiwa ushafungua kifuniko, angalia na RAM. Kwa 2GB Mint yaingia lakini ukifungua tabu za brausa nyingi itakaba. Hata 4GB utaona tofauti, na kamati wakipata kidogo zaidi waongezee SSD ndogo ya SATA, ile disiki ya kasi, hapo ndipo kutawadha utamaliza ukute ishakungoja.

MaalimKisauni:
RAM kamati wamekubali. Nikifika dukani niseme nataka ipi? Nisije nikauziwa ya kitu chengine.

fundi_tudor:
DDR3 ya desktopu, si ya laptopu, ya laptopu ni fupi haitaingia. Ukiweza chomoa kipande cha zamani uende nacho, umuwekee muuzaji mezani. Na umwambie ukirudi ikikataa utabadilishiwa, kabla hujatoa pesa.