Pampu ya mtaani kwetu Berlin imepigwa rangi mpya, maji hakuna!

Wakuu, leo msinishike.

Mlioko Berlin mnazijua zile pampu za mkono za barabarani, wenyeji wanaziita Plumpe. Ziko kama 2,000 mji mzima. Zile kongwe za chuma cha kusubu, zikiwemo za kiwanda cha Lauchhammer, zina nakshi mpaka mdomoni.

Ya mtaani kwetu ilikufa. Mpini unapanda na kushuka mwepesi, unavuta hewa tupu. Aliyewahi kushika pampu anajua: ama washa ya ngozi (kile kipande kinachoziba hewa ndani ya pampu) imekauka, ama vali ya chini haishiki maji. Nikaripoti, nikaambiwa nisubiri. Juzi mafundi wakaja kweli. Wakakwangua kutu, wakapiga rangi ya kijani inang'aa, wakafunga mpini kwa mnyororo, wakaondoka! Nauliza, naambiwa huo ni urithi wa mtaa na umeshatunzwa.

Urithi wa kufunga mnyororo?

Kila pampu ina kisima chake, haitegemei bomba wala umeme, na mpaka leo zimo kwenye mpango wa maji ya dharura. Mwaka 1945 mabomba yalipokauka kwa vita, watu walipanga foleni na ndoo kwenye pampu hizi huku makombora yakianguka. Na juzijuzi tu, baada ya ukame wa 2018 na 2019, wakazi walizitumia kumwagilia miti ya barabarani. 2020 ikatoka hadi ramani ya mtandaoni, Gieß den Kiez, inayoonyesha miti na pampu zilipo. Sasa fuata ramani na ndoo yako, ukute kufuli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kisima kisipovutwa muda mrefu chujio linaziba kwa kutu na mchanga. Leo ni kipande cha ngozi, kesho watasema hela ya kuchimba upya hakuna. Hapo ndipo utasikia visima vingine ni vya serikali kuu, vingine vya jimbo, na wewe unazungushwa tu.

Naandika barua, sitaki kwenda peke yangu. Pita kwenye pampu ya mtaani kwako, vuta mara ishirini kabla hujasema imekufa (nyingine maji huchelewa kupanda), kisha weka picha hapa na jina la barabara.

Na wale wa "bomba si lipo ndani, unataka nini?", uzi huu hauwahusu.