Mswada ulioibwa katika treni: pazia la mwisho lifungwe wapi?

Mwandishi wa Ujiji (Kigoma) ameuliza:

Wapenzi wa tamthilia, salaam kwenu nyote. Kikundi chetu cha hapa Ujiji kinajiandaa kupanda jukwaani mvua zikishakatika, na kazi ya kuandika mchezo nimekabidhiwa mimi. Maonyesho manne yamekamilika na waigizaji wameanza kuyakariri, lakini onyesho la tano limenishinda kwa wiki tatu sasa, na ndani ya kikundi tumegawanyika kiasi kwamba nimeona ni busara kulileta suala hili kwenu.

Kisa chenyewe ni hiki. Walimu watatu vijana, wanaume wawili na mwanamke mmoja, hukutana kila Ijumaa jioni kusomeana maandishi yao. Mmoja wa wanaume hao amemchumbia yule mwanamke. Kwa miaka minne anaandika riwaya katika kaunta buku, na mchumba wake, ambaye hati yake ni nzuri kuliko ya mwenyewe, anainakili upya katika karatasi safi, huku akizikaza sentensi zilizolegea na mara nyingine kuongeza aya nzima kwa idhini ya mwandishi. Mwaka 2004 mwanamke anapata safari ya Dar es Salaam, naye anapewa mswada aufikishe kwa mchapishaji. Anaufunga ndani ya upande mmoja wa kanga yake, anautia katika begi na kupanda treni hapa Kigoma. Rafiki yao wa tatu anasafiri katika behewa hilohilo hadi Tabora. Treni inapokwisha kuondoka Tabora, begi lipo mahali pake lakini mswada haumo.

Mwanamume haamini maelezo hayo hata kidogo. Anamtuhumu mchumba wake kwamba ameuuza mswada, au ameutupa kwa kijicho. Maneno mazito yanatoka, posa inavunjika, na mwanamke anaolewa Kasulu. Baada ya miaka minane riwaya ileile inatokea madukani, jaladani pakiwa na jina la yule rafiki.

Wenzangu wengi wanataka onyesho la mwisho liwe mahakamani, mwizi asimame kizimbani, ahukumiwe, na watazamaji wapige makofi. Moyo wangu unakataa, kwa sababu hukumu ya hakimu haiwezi kumrudishia mtu mchumba aliyemwita mwongo. Hata hivyo, nikiiacha mahakama kabisa nachelea watu wataondoka na kinyongo, wakiona tumemwachia mwizi. Pazia nilifunge wapi? Na je, sheria yetu inamtambuaje mtu ambaye mswada wake wa mkono umechapishwa na mwingine? Nisingependa kusema uongo kuhusu sheria mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Wakili wa Isevya (Tabora) amejibu:

Ndugu Mwandishi, nitaanza na sheria, kwa sababu nadhani ndani yake limo jibu la swali lako la kwanza pia.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoianzisha COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki nchini. Watu wengi, waandishi wakiwemo, huamini kwamba asiyesajili kazi yake hana haki yoyote. Imani hiyo si sahihi. Haki ya mtunzi huzaliwa pale kazi inapoandikwa, hata kama imeandikwa kwa kalamu ya wino katika kaunta buku na haijaonwa na ofisi yoyote, na humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usajili husaidia katika ushahidi, nao ni msaada mkubwa, lakini hauizai haki yenyewe. Kumbuka pia kwamba wazo tupu halilindwi. Kama yule rafiki angesikia kisa siku ya Ijumaa, akaenda kwake na kukiandika kwa maneno yake mwenyewe, mngeweza kumwita msaliti, lakini kesi isingesimama.

Waigizaji wako wanapaswa pia kutenganisha karatasi na maneno. Kuchukua karatasi za mtu bila ridhaa yake ni wizi kama wizi mwingine wowote. Kuyachapisha maneno yaliyomo kwa jina lako ni kosa jingine kabisa, na linabaki palepale hata kama karatasi zote zingerudishwa siku ya pili yake zikiwa safi. Nimeona michezo mingi inayochanganya mambo haya mawili, na hapo ndipo mwanasheria aliyekaa ukumbini huacha kuuamini mchezo.

Sasa angalia ulichokiandika wewe mwenyewe. Umesema mchumba alikuwa akiongeza aya nzima. Mtu anayenakili tu si mtunzi, lakini aliyetia aya zake kwa makubaliano na mwenzake anaweza kudai kuwa mtunzi mwenza, na kazi ya watunzi wawili hulindwa mpaka ipite miaka 50 tangu kifo cha yule atakayekufa mwisho. Maana yake ni kwamba mwanamume wako hawezi kuingia mahakamani na kusema kwa moyo mweupe, "Riwaya hii ni yangu peke yangu." Isitoshe, nani atathibitisha kwamba mswada uliwahi kuwepo? Shahidi wake mkuu ni yuleyule mwanamke aliyemfukuza. Kabla ya kumfikia hakimu, atalazimika kwenda Kasulu na kubisha hodi. Mahakama unaweza kuitaja bila kuionyesha, lakini mlango ule lazima tuuone.

Mkongwe wa Reli (Tabora) amejibu:

Mwanangu Mwandishi, nimefurahi kuona vijana mnaikumbuka treni. Nimefanya kazi relini miaka mingi, basi niruhusu nikusahihishie onyesho la safari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu njia ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928 Tabora imekuwa njia panda, ambapo abiria wa Kigoma hukutana na wa Mwanza. Kutoka kwenu mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 400, mnapita Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo, na enzi zetu safari hiyo iliuchukua usiku wote. Treni ikifika Tabora haiondoki upesi. Mabehewa yanapanguliwa na kuungwa upya, na behewa ulilolala ndani yake linavutwa mbele, linarudishwa nyuma, linagongwa, mpaka mtu aliye usingizini hajui tena kichwa kiko upande gani. Wauzaji wanapita chini ya madirisha na asali na karanga. Abiria wanashuka kunyoosha miguu, mizigo wamemwachia jirani wakimwambia, "Ndugu yangu, nitazamie." Wizi wako ufanyike wakati huo, na usiufanye wa vurugu. Mwanamke amwombe rafiki yao amtazamie begi wakati anakwenda kununua asali ya kumpelekea mwenyeji wake Dar es Salaam. Akirudi amkute rafiki amesimama kumuaga, mkono mmoja umeshika mfuko wake, kisha ashuke. Ukumbi mzima utajua, na mwanamke peke yake hatajua.

Jambo la pili ni neno ambalo sijaliona katika maelezo yako, nalo ni amana. Hapa kwetu, Kwihara, Livingstone alipoagana na Stanley mwezi Machi 1872, alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa na kutiwa lakiri, aifikishe Uingereza. Mengi yanaweza kusemwa juu ya Stanley, na mabaya yake hayafichiki, lakini shajara ile aliifikisha. Tembe la Kwihara liko hapa mpaka leo, nami nimekwenda mara kadhaa na wajukuu, na kila mara nikisimama mlangoni pale nawaza jinsi kazi ya miaka ya mtu inavyoweza kukabidhiwa mikononi mwa mwingine kwa kuaminiana tu. Rafiki katika mchezo wako amekula amana mara mbili, ya mwandishi na ya mwanamke aliyemwachia begi. Ya pili naiona nzito zaidi, kwa sababu yeye aliendelea kukaa kimya wakati mwanamke anaitwa mwongo.

Swali langu moja: kaunta buku zile za mwanzo zilikwenda wapi? Kama zipo, kwa nini hakuiandika riwaya upya? Mtazamaji makini atauliza.

Binti wa Mwanga (Kigoma) amejibu:

Shikamoo mzee Mkongwe, na kaka Mwandishi salaam. Swali la mzee ni la haki. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alipotelewa vivyo hivyo mwezi Desemba 1922. Mkewe, Hadley, alikuwa akimpelekea maandishi yake Lausanne, na begi likaibwa katika stesheni ya Gare de Lyon jijini Paris. Humo alikuwa ametia pamoja na maandishi ya asili hata nakala zake, kwa hiyo kazi karibu yote ya miaka ile ikapotea, zikasalia hadithi mbili tu ambazo hazikuwemo, na begi halikupatikana kamwe. Mwaka 1927 ndoa yao ilikuwa imevunjika, ingawa ilikuwa na sababu nyingine pia. Sisomi habari hiyo bila kumfikiria Hadley ndani ya treni, saa zote zile, akijua anachokwenda kusema.

Hilo ndilo linalonisumbua katika mchezo wako, kaka. Mwanamke ananakili, anasahihisha, anasafiri, anatuhumiwa, anaolewa, na katika yote hayo sijasikia anachosema. Nami nina sababu yangu ya kulisema hili. Kwa miaka saba nilikuwa nachapa kazi za watu katika duka la steshenari, na usiku naandika zangu. Mteja mmoja niliyemwamini aliomba kusoma hadithi yangu, na baada ya muda nikaisikia ikiigizwa na watu wengine, jina langu halikutajwa popote. Nilichokitambua kwanza hakikuwa kisa. Ilikuwa sentensi moja kuhusu bibi yangu alivyokuwa akiipoza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kisahani, mara tatu, bila kuitazama. Nilisimama na sufuria mkononi, na mwili ukanisisimka.

Kwa hiyo nakuomba, anayeigundua riwaya awe yeye. Aifungue dukani Kasulu, aione aya aliyoiandika kwa mkono wake, aya ambayo hata mchumba hakuwahi kuigusa. Kuhusu kaunta buku, ziwe kwake. Zilibaki nyumbani kwao alikokuwa akinakilia, na mwanamume, kwa kiburi, hakuwahi kurudi kuziomba. Angeweza kuiandika upya siku yoyote kama angekubali kuongea naye.

Na usiisahau ile kanga. Kanga ni doti, pande mbili. Upande mmoja ulifunga mswada ukaenda nao, wa pili ulibaki. Mchagulie yenye jina la "Japo sipati tamaa sikati", na pindo alipinde yeye mwenyewe kwa uzi mwekundu, ili upande ule ukionekana nyumbani kwa rafiki, umefunikwa juu ya redio, watazamaji wasihitaji kuambiwa neno.

Wakili wa Isevya (Tabora) ameongeza:

Dada Binti wa Mwanga, pole sana kwa yaliyokupata, na nakushauri uzihifadhi rasimu zako zenye tarehe. Kanga hiyo peke yake mahakamani ni ushahidi dhaifu, maana kanga za jina moja huchapwa kwa maelfu, ingawa pindo la mkono linaipa uzito kidogo. Jukwaani inatosha kabisa. Kaunta buku ndizo zitakazomtia mwizi hatiani, kwa hiyo kesi yote iko mikononi mwa mwanamke.

Mwandishi wa Ujiji (Kigoma) amerudi:

Mzee Mkongwe, ndugu Wakili, dada yangu, nimewasoma mara nyingi tangu jana, na usiku wa kuamkia leo nimeliandika onyesho la tano lote.

Halina mahakama. Ni ua wa nyumba Kasulu, alasiri, mwanamke anaanika maharage juu ya turubai. Mwanamume anabisha hodi na wito wa mahakama mkononi, kesi ni Jumatatu. Amejiandaa kueleza habari za mswada, lakini mwanamke anamkaribisha kiti na kuendelea na kazi yake, na kimya kile kinamlazimisha aanze na jambo jingine, yaani siku ile ya mwaka 2004 na maneno aliyomwambia. Nimempa aombe radhi kwa sentensi fupi, bila kujitetea, na nimemkataza kulia. Mwanamke anaingia ndani, anakaa muda mrefu kiasi kwamba mwanamume anasimama kutaka kuondoka. Anatoka na kaunta buku tatu zilizofungwa katika upande wa pili wa doti. Anazifungua, anaichukua ya tatu, anatafuta ukurasa na kuisoma kwa sauti aya yake mwenyewe. Kisha anauliza, "Hii utasema ni ya nani?"

Mwanamume anajibu, "Yako." Mwanamke anamkabidhi mbili za kwanza. Ya tatu anaibakiza mapajani na kumwambia kwamba ataileta Jumatatu yeye mwenyewe.

Nimempa dada mmoja wa kikundi asome nafasi ya mwanamke, nami nikasoma ya mwanamume. Alipofika kwenye swali lile nilikosa sauti kidogo, na wale waliokuwa wakidai kizimba hawakudai tena. Bado sijaamua kama mume wake wa Kasulu aonekane au asikike tu akikohoa ndani. Mwenye rai juu ya hilo aniandikie kabla ya Jumamosi, ndiyo siku ya mazoezi.